Mashavu ya Mwita

Nikipita sokoni siku ya jua kali nikakuta udaga umeanikwa juu ya magunia, ile harufu yake ya uchachu hunisimamisha. Udaga ni muhogo uliovundikwa mpaka ukaota ukungu, ukakwanguliwa na kukaushwa tayari kwa kusagwa. Kwa wengine ni harufu ya chakula tu. Mimi hunirudisha kwetu Susuni, miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa kama miaka tisa na kazi yangu kubwa ilikuwa kumlisha mdogo wangu, Mwita.

Mwita alikuwa hajatimiza miaka miwili mama alipopata mimba nyingine. Kwetu ilisemwa kwamba maziwa ya mjamzito si ya mtoto wa mgongoni tena, na akiyanyonya yatamdhuru. Mama akajipaka shubiri kwenye chuchu. Mwita alilia siku tatu, na siku ya nne nikakabidhiwa mimi, pamoja na kibuyu cha uji.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Baba alikuwa ameswaga ng'ombe wote hadi Kisaka, kwa rafiki yake, kufuata majani, kwa hiyo maziwa hatukuwa nayo. Maharage tulikuwa tumekula mpaka ya mbegu. Kilichobaki ni muhogo, na muhogo ulikuwa mwingi. Kuku wa bibi walitaga nyuma ya ghala, lakini yai lilikuwa la mgeni au la kuatamiwa. Mtoto mdogo akila yai, bibi alituambia, atachelewa kusema. Nami sikutaka Mwita achelewe, maana ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuniita. Jina langu Boke lilimshinda, akaishia "Bo".

Nilimlisha kwa bidii, na niseme ukweli, kwa majivuno. Asubuhi uji, mchana ugali na mchuzi wa mlenda, jioni uji tena. Nilimgonga tumbo kwa vidole kama mtu anayejaribu ngoma, na mpaka lilie vizuri ndipo nilipomwachia. Baada ya miezi michache Mwita akanenepa! Mashavu yakajaa, miguu ikawa ya mviringo. Wanawake waliokuja kuazima jiwe letu la kusagia walimfinya shavu wakanisifu kwamba nitakuwa mlezi mzuri. Nikawa napita naye mgongoni nyumba hadi nyumba, ili aonekane.

Kisha nikagundua mchezo. Nilipombonyeza mguu kwa kidole, kishimo kilibaki palepale, kikajaa polepole. Niliwaita wenzangu, tukabonyeza kwa zamu huku tukicheka. Mwita hakucheka wala hakulia. Alitutazama tu, kama mzee aliyechoshwa na wageni.

Nywele zake zikageuka, zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi. Ngozi ya mapajani ikaanza kubanduka. Bibi akasema ni wivu wa yule aliye tumboni, anamsukuma kaka yake, akamfunga kiunoni kamba yenye vipande vya mizizi. Tulingoja. Siku Mwita alipokikataa kibuyu na kugeuza uso, mama alimbeba, tumbo lake likiwa limeshakuwa kubwa, tukaondoka alfajiri kwenda Bomani. Tulifika zahanati jua liko utosini.

Dresa, yule msaidizi wa tabibu, alikuwa kijana mpole. Alimbonyeza mguu mara moja tu, akakitazama kile kishimo. Mimi nikataka kucheka kwa mazoea, lakini uso wake ulinizuia.

"Mama, huyu hajanenepa," alisema. "Haya ni maji. Mwili wake hauna cha kujijengea."

"Lakini anashiba, daktari," mama alijibu. "Kila siku anashiba. Muulize huyu dada yake."

Aliniuliza Mwita anakula nini. Nikamwambia yote kwa fahari, uji, ugali, uji, nikamwonyesha na jinsi ninavyogonga tumbo. Hakunigombeza. Alimwambia mama atafute maziwa, mayai, maharage, karanga, dagaa. Akatupa unga wa maziwa kwenye mfuko, akasema tungekuja mapema zaidi ingekuwa rahisi.

Tuliporudi, mama alimweleza bibi. Bibi aliinuka, akaenda nyuma ya ghala, akarudi na mayai manne kwenye nguo yake. Aliyachemsha mwenyewe. "Kula, mura," alimbembeleza, akimwita kama wanavyoitwa vijana wa kiume kwetu. "Kula, baba, utasema tu." Mwita aliliweka lile yai shavuni, akakaa nalo hivyo hivyo bila kumeza. Maziwa yalitoka kama yalivyoingia.

Alitutoka siku ya tano, mchana, akiwa mgongoni kwangu. Nilidhani amelala.

Baba alikuwa amepelekewa habari. Alifika siku mbili baada ya maziko, akiswaga ng'ombe mmoja mwenye ndama. Alimfunga uani, akamkamua, akasimama na kile kibuyu mkononi bila kujua ampe nani.

Niliolewa, nikazaa, ndipo kwenye darasa la akina mama nikafundishwa kwamba ugali hutia nguvu lakini haumjengi mtoto peke yake, na kwamba mtoto anaweza kushiba kila siku huku mwili wake una njaa. Wenzangu waliitikia. Mimi nilitoka nje.

Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipopata ujasiri wa kumwambia mama. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyemuua Mwita. Nilimlisha vibaya."

Mama aliacha mboga, akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya mbali.

"Wewe? Miaka yote hii nimejua ni mimi, kwa kumnyima ziwa. Na bibi yako alikufa akiniomba msamaha kwa yale mayai."

Tukaendelea kuchambua mboga. Watatu tuliishi nyumba moja, tukapika jiko moja, kila mmoja akiwaficha wenzake hatia ambayo haikuwa ya yeyote kati yetu.