Mwanya wa Damaris

Damaris ni mke mwenzangu, nyieka kwa lugha yetu, na kama ulikuja kwangu mimi Benta ukitafuta sifa zake tupu, umekosea mlango. Lakini haki yake nitampa: hapa Macalder hajazaliwa bado mtu wa kupuliza dhahabu kama yeye.

Kazi yenyewe ni hivi. Ukishaosha mchanga kwenye karai na kuukausha motoni, unabaki na unga mweusi wenye punje za dhahabu, ndogo kuliko mbegu za wimbi. Sasa upulize huo unga utoke. Ukizidisha pumzi, dhahabu nayo inaruka. Damaris ana mwanya kati ya meno ya mbele, ule uliomtia wazimu marehemu Cephas, mume wetu, na pumzi yake hupita pale nyembamba kama uzi. Wachimbaji walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwake. Mimi nilijaribu siku moja, unga wote ukanirudia machoni.

Mwaka wa tisini na nne, meno yale yakaanza kulegea. Fizi zilivimba na kutoka damu. Kila asubuhi aliamka ulimi umekauka, na mdomo, Mungu anisamehe, ulinuka hadi wateja wakasimama mbali. Akawa anafyonza peremende kutwa kuficha harufu. Halafu akaanza kusema amelogwa, huku ananiangalia mimi. Wee! Nikamwambia kama ningekuwa na uchawi, ningeufunga mdomo wote, sio kuhangaika na meno mawili. Wiki mbili hatukusalimiana.

Kisha siku moja alikuwa akimpulizia mzee Elkana, jino likatikisika, pumzi ikaenda upande na dhahabu ikamwagika mavumbini. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba analia. Moyo uliniuma, sitaficha. Bila mwanya ule hakuna kazi, na watoto sita wa boma letu, wangu wakiwemo, walishiba kwa pumzi ile. Nikamshika mkono, tukaenda Migori.

Daktari wa meno alikuwa kijana wa Kisii, jina lake Nyarangi. Alichungulia kinywa kile kwa muda mrefu.

"Mama, huwa unalala mdomo wazi?"

"Nitajuaje, na nimelala?" Damaris akamjibu.

Akanigeukia mimi. Nikamwambia huyu anakoroma hata nikiwa nyumbani kwangu namsikia, kuta mbili katikati.

"Na huwa ananyamaza ghafla?" Hilo sikulijua. Akatueleza kwamba mate ndiyo mlinzi wa meno. Kinywa kikikauka usiku kucha, meno na fizi hubaki bila mlinzi, na peremende zinamalizia. "Sing'oi leo. Mchunguze akilala, kisha mrudi."

Basi nikaenda kukesha kwake. Kwa mila yetu kitanda cha nyieka hakikaliwi, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda na taa yangu. Akalala chali, mdomo wazi, akakoroma. Mara kimya. Kifua kinahangaika lakini pumzi haipiti. Nikahesabu hadi ishirini na tatu. Yawa! Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeomba nyumba ile inyamaze, na iliponyamaza nilipiga mayowe: "Nyieka, pumua!"

Akavuta pumzi kwa kishindo, akafumbua macho, akaniuliza ninaiba nini. Nilimkumbatia. Alidhani nimelewa.

Tuliporudi, daktari alisema koo lake hujifunga akilala, hasa akilala chali, ndiyo maana anahangaika kutafuta hewa kwa mdomo. Alale ubavu. Apunguze mwili. Peremende mwiko, maji kwa wingi. Akamsafisha fizi, akampa miezi mitatu. Meno yasipokazika, yatang'olewa.

Nikamshonea mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia, nikatia gunzi la mahindi ndani. Akigeuka chali, linamchoma. "Hii si dawa, unanilipiza kisasi," akalalamika. Nikamwambia yote mawili.

Miezi mitatu ikaisha. Daktari aling'oa gego moja lililokuwa limeoza kabisa. Kisha akayasukuma yale ya mbele kwa kidole, moja, halafu la pili. Hayakutikisika. Damaris alicheka kwa sauti mle ndani mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia, na wiki hiyohiyo mzee Elkana akaja na karai lake, akaondoka na dhahabu yake yote.

Sasa analala ubavu, na kukoroma kumepungua sana. Majirani wananipongeza eti nimepata usingizi. Usingizi gani? Kimya kikizidi naamka, najifunga leso, nakwenda kusimama chini ya dirisha lake nisikilize. Jana aliniona.

"Benta," akasema kutoka ndani, "nenda ukalale. Ninapumua."