Ghalani, Nikiwalinda Wagombea

“Yule aliyepata kura nyingi akashindwa, kesho yake alimsalimiaje mwenzake?”

Baba aliniuliza hivyo tukila ugali nyumbani Ulemo, likizo ile niliyokuwa naandika tasnifu ya shahada yangu. Nilikuwa nimechagua uchaguzi wa jimbo moja la Australia, katikati ya karne iliyopita, kwa sababu matokeo yake yalinikera: upinzani ulipata kura nyingi zaidi, lakini serikali ikabaki madarakani. Maeneo ya mashambani yalikuwa na wapiga kura wachache, na bado kila moja lilitoa mbunge mmoja, sawa na eneo la mjini lililojaa watu.

“Kumbe huko mkulima anahesabiwa,” baba alisema.

“Anahesabiwa mara mbili, baba. Hiyo si haki.”

“Kwa mvua za huku, mara mbili ni chache.”

Jibu la swali lake la salamu nililitafuta vitabuni. Vitabu vyangu vilikuwa na majedwali ya matokeo. Asubuhi iliyofuata haikuwamo. Tena nilijua kwamba Australia haikumsumbua. Jumamosi ile kikundi chetu cha kukamua alizeti kilikuwa kinachagua mwenyekiti. Baba alikuwa amekalia kiti hicho miaka mingi, na aliyejitokeza kushindana naye alikuwa jirani yetu, mtu waliyelima pamoja tangu ujana na kuzikiana wazazi. Niliogopa kwamba atakayeshindwa hatavuka tena mpaka wa shamba. Nimeona nyumba zikinuniana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Utaratibu wenyewe ulinizidishia hofu. Kwetu kura ni mstari. Wagombea wanafungiwa ghalani, wanachama wanajipanga nje, kila mtu upande wa amtakaye, kisha wanahesabiwa. Anayekaa na wagombea ili wasichungulie lazima awe mtu asiyepiga kura, na siku hiyo nikawa mimi. Nilimwambia katibu wa kikundi kwamba kura isiyo ya siri ni kura ya woga. Akanifungulia mlango.

“Ingia, msomi. Wazee wanakusubiri.”

Walikuwa wamekaa juu ya magunia ya alizeti.

“Shikamoo, baba,” nilimwamkia jirani.

“Marahaba, mwanangu. Umeletwa utulinde au utufundishe?”

“Vyote,” baba alidakia. “Huyu anajua mpaka kura za Waaustralia waliokwisha kufa.”

“Haya. Baba yako akishinda leo, mimi nahamia Misigiri.”

“Hama tu. Shamba lako nitalilima.”

“Kwa mgongo huo?”

Walicheka, lakini vidole vya baba vilikuwa vinachokonoa uzi wa gunia. Nje tulisikia nyayo, mtu akiitwa asogee, kisha kimya.

Katibu alipofungua mlango, alimtaja jirani.

Baba akasimama. Akaushika mkono wa mwenzake kwa mikono yake yote miwili.

“Hongera. Sasa mashine ikikata mkanda alfajiri, wakupigie wewe simu.”

“Wee! Ndiyo maana ulikuwa unacheka?”

“Na bei ya alizeti ikishuka, mwizi ni wewe.”

Jirani alirudi kukaa kwenye gunia kama mtu aliyesomewa hukumu, na wote wawili wakacheka mpaka baba akafuta machozi. Walirudi nyumbani kwetu bega kwa bega, wakibishana kuhusu mkanda wa mashine, mimi nikiwafuata nyuma. Walikula sahani moja. Kisha baba akalala usingizi wa mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu apewe kiti kile.

Miaka ilipita kabla sijajua kilichotokea nje ya ghala. Mama, naye mwanachama, aliyechoshwa na zile simu za alfajiri, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kusimama mstari wa jirani. Kikundi kizima kilimwona. Baba alikuja kuambiwa na mama mwenyewe. Kabla ya hapo, hakuna hata mmoja kikundini aliyekuwa amefungua mdomo.