Mgonjwa Aulizwe Uji

Nakumbuka siku moja, nyumbani kwetu Nabuyonga, hapa Mbale, Senga, shangazi yangu, aliingia jikoni akiwa na ndala mguu mmoja. Nyingine ilikuwa imebaki uani kwenye tope, na mguu wake haukumwambia. Nilicheka, naye akacheka, kisha akautazama ule mguu mtupu.

Mwanangu, usishangae kuitwa hivyo na mtu asiye na mvi hata moja. Huku kwetu shangazi ndiye senga, na senga ndiye anayewafunda vijana wa ukoo na kutunza siri zao. Wangu alipofariki, wazee walingoja dua ya kumwombea iishe, wakaniweka mimi kwenye nafasi yake. Tangu siku hiyo hata watu walionizidi umri hunijia wakiniita Senga, nami sina budi kuwaita wanangu. Nilibishana na wazee. Niliuliza nani alipanga hivyo, na kwa nini. Wakaniacha niulize mpaka nikachoka, kisha wakanipa kiti. Basi nimekaa.

Baada ya ndala, ganzi ilipanda. Senga alikuwa fundi wa kushona magomesi, yale magauni marefu ya sherehe yanayofungwa mshipi mpana kiunoni, na sindano zikaanza kumponyoka vidoleni. Daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ilikuwa imemgeuka na kushambulia mishipa yake ya fahamu. Akampa vidonge vya kuituliza. Vilimsaidia, lakini uso ulimvimba na usingizi ukamkimbia.

"Nimeumuka kama andazi," alisema. "Na andazi lenyewe halilali."

Kilichomtia hofu hakikuwa uso. Dada yangu Hajara alikuwa karibu kumleta mchumba wake nyumbani kujitambulisha, na siku hiyo senga ndiye anayemfunga msichana mshipi wa gomesi. Mama hafungi, rafiki hafungi. "Vidole vyangu vikikataa siku hiyo," aliniambia, "mimi nitakuwa senga wa nini?"

Mteja wake mmoja akamtajia tabibu wa Kihindi aliyekuwa Jinja, anayetibu kwa Ayurveda, tiba ya kale ya kwao. Mimi nilikuwa chuo kikuu, nasoma biolojia, nimekuja likizo. Nilimsindikiza Senga, lakini moyoni nilikuwa nakwenda kumkamata mwizi.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, katika ile mitaa ya zamani ya Jinja yenye nguzo na vibaraza. Kilinukia mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Mzee yule hakuanza na miguu.

"Mama, wewe nalala namna gani? Nakula saa ngapi? Nani nakukasirisha?"

"Huyu," Senga akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Mzee akacheka. Akambonyeza nyayo, akazitazama kucha, akasema, "Hii ugonjwa sisi naita ya upepo. Upepo nakausha ndani, mguu nasahau kazi yake."

"Upepo," nikasema. "Senga, upepo si ungeupata Wanale bure? Tungepanda tu mlimani."

Kisha nikaanza. Ule unga wa mizizi aliotaka Senga anywe na maziwa ya moto una nini ndani? Una madini ya kuchomwa, maana nimesoma kwamba baadhi ya dawa hizo zina risasi? Nani ameupima? Waliopona wangapi, na unajuaje kwamba wasingepona wenyewe? Maswali mengine aliyajibu. Mengine alisema, "Hii mimi hapana jua." Kila "hapana jua" niliihesabu kama bao. Senga alikuwa amekaa kwenye benchi, anafunga na kufungua ncha ya mtandio wake.

Tulipotoka aliniuliza neno moja tu. "Umemaliza?"

Maswali yangu yalikuwa ya haki, mwanangu, na leo ningeyauliza tena. Kuuliza si ujinga. Lakini endelea kunisikiliza.

Nilirudi chuoni. Kila jioni baada ya magharibi Hajara alimpaka miguuni na mikononi mafuta ya ufuta ya moto aliyopewa na yule mzee, na Senga akaanza kulala. Nikipiga simu nilimuuliza, "Yule mganga wako wa upepo hajambo?" Alijibu, "Hajambo, anakusalimu," kisha akanigeuzia habari ya mvua au ya bei ya nyanya. Nilidhani tunataniana.

Siku ya Hajara ilipokaribia, Senga alianguka mlangoni mwa bafu na hakuweza kuinuka. Nilimkuta hospitalini. Daktari alimuuliza kama vidonge anakunywa kama kawaida. Senga alinitazama, akamtazama daktari, akanitazama tena.

"Zaituni, nenda kaninunulie maji."

Chupa ya maji ilikuwa mezani pake, imejaa. Nilikwenda.

Niliporudi, daktari alikuwa ameshajua yote. Usingizi uliporudi, Senga aliona amepona. Akapunguza vidonge kidogo kidogo, kisha akaviacha. Daktari hakumgombeza. Alisema vidonge vile havikatizwi bila ya yeye kujua. Alisema unga wa mizizi uwekwe pembeni, kwa sababu unaweza kuiamsha kinga ileile wanayojaribu kuilaza. Na mafuta je? "Mafuta sina ugomvi nayo," alisema. "Ila mpime joto kwa mkono wenu, maana miguu yake ikiungua haitamwambia."

Alipotoka nilishindwa kujizuia. "Senga, kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia kupitia mlango gani? Nikisema mafuta yamenipa usingizi, unacheka. Nikisema nimeacha vidonge, utanihubiria mpaka alfajiri. Yule mzee ulimuuliza kila kitu. Mimi uliniuliza nini?"

Nikaifungua ile chupa niliyoinunua, nikampa.

"Unauliza kama askari wa barabarani, afande Zaituni. Mtu anakupa leseni, hakupi habari zake."

Siku ya Hajara ikaahirishwa, na likizo iliyofuata kazi ya mafuta niliichukua mimi. Nilimpaka kuanzia magotini kushuka, taratibu, kama mzee wa Jinja alivyoelekeza. "Mkono wako siusikii," alisema jioni ya kwanza. "Nasikia joto tu. Lakini usiuondoe." Na hapo ndipo alipoanza kusema. Aliniambia anavyoogopa kuoshwa na watu wengine. Aliniambia kwamba watu wote wa ukoo huu wana senga wa kumwendea, isipokuwa senga mwenyewe.

Kama mafuta yale yaliponya mshipa hata mmoja, sijui. Nadhani hayakuponya. Nguvu zilirudi baada ya vidonge kurudi, nusu nusu. Siku ya Hajara alifunga mshipi kwa mikono yake, nao ukafunguka mbele ya wageni. Akainama kuufunga upya, polepole, kidole baada ya kidole. Kaka wa mchumba akaguna. "Ngoja, bwana," Senga akasema bila kuinua kichwa, "ng'ombe wenu wa mahari hawakimbii." Ua mzima ukacheka, na mshipi ukakaa.

Tulimpoteza msimu mmoja wa mvua, kwa homa ya mapafu. Daktari alisema vidonge vya kutuliza kinga huacha mlango wazi kwa maradhi kama hayo. Ndivyo vidonge nilivyovitetea. Bila vidonge hivyo asingesimama siku ile, na pengine navyo ndivyo vilivyomchukua. Nimeligeuza swali hili kila upande, halina bao la kufunga. Jioni mikono yangu haina kazi. Ningetoa digrii yangu ili nimuulize mambo madogo tu: umeamkaje, chai ina sukari, mguu wa leo ni wa jana?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mwanangu, mimi nasema aulizwe. Aulizwe uji, aulizwe usingizi, aulizwe anachokunywa na alichoacha kunywa. Na wewe ukiugua, mwambie daktari habari za tabibu na mwambie tabibu habari za daktari, wala usiache dawa kimyakimya kwa sababu umelala vizuri wiki moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini kabla ya kumlaumu aliyeficha, jiulize alimficha nani na kwa nini. Shaka yako usiitupe, ni zawadi. Ishike tu kwa mkono wa kupaka mafuta, usiishike kama rungu.

Mungu akujalie mwili usiojigeuka. Ukijigeuka, akupe mtu wa kukuuliza kwa upole, na akupe wewe moyo wa kumjibu ukweli. Amina.