Ng'ombe Kwenye Pisti

Kazi ya baba yangu ilikuwa kufukuza mbuzi katika kiwanja cha ndege cha Goma. Kwenye karatasi yake ya kazi waliandika maneno marefu ya Kifaransa kuhusu usalama wa pisti, lakini maana yake ilikuwa hiyo tu: kutembea na fimbo tangu mwanzo wa ile njia ya lami ya kurukia ndege hadi mwisho wake, na kuondoa mbuzi, mbwa, na akina mama waliokatiza na makaa kichwani kwa sababu kuzunguka ukuta kulikuwa mbali. Alianza wakati watalii bado wanakuja. Alituambia jinsi walivyoshuka na kofia zao pana, wakiuliza gorila wako wapi kabla hata ya kuuliza choo. Kisha wakaja wakimbizi wa nchi jirani, na kwa ajili yao zikaja ndege kubwa za msaada zilizotetemesha sahani zetu nyumbani. Baadaye volkano ikamwaga moto wake juu ya ncha ya kaskazini ya pisti. Moto ulipopoa ukawa makoro, yale mawe meusi ya kwetu, na kiwanja kikabaki kifupi. Baba akaendelea kutembea kwenye kile kilichosalia.

Mimi nilipata kazi ndani, katika ukumbi wa abiria, kwenye mizani. Kampuni yetu ilikuwa na ndege ndogo, na kwa kuwa pisti ilikuwa fupi tulipima kila kitu: mabegi, maboksi, na abiria wenyewe. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi upya. Tuliletewa mkanda wa kuzungusha mabegi. Ukazunguka siku ya ufunguzi mbele ya wakubwa, kisha haukuzunguka tena, na wabeba mizigo wakaufanya kiti. Kulikuwa na sebule ya wageni wa heshima yenye makochi ya ngozi, na choo kimoja kizuri ambacho ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa mkubwa wangu. Kutwa nilitazama watu wakiondoka. Mimi mwenyewe sikuwahi kupanda ndege. Miguu yangu haikutulia chini ya meza, hadi mwenzangu akaniomba niache kutikisa mizani.

Jambo moja nililificha pale kazini. Baba ni Muhunde wa Masisi. Mama, aliyefariki nikiwa bado shuleni, alikuwa wa Rutshuru, na alitulea kwa Kinyarwanda. Miaka ile, neno moja la lugha hiyo likikutoka mahali pabaya lilitosha watu kukuita adui, kwa sababu waasi waliisema. Kwa hiyo nilisema Kiswahili na Kifaransa, basi. Akija bibi asiyejua zote mbili, nilimwelekeza kwa mkono, na roho iliniuma.

Vita na waasi vilianza kushuka kutoka upande wa Rumangabo. Asubuhi moja tuliamka tukasikia mizinga, na barabara ikajaa watu waliotoka Kanyaruchinya, shitingi za plastiki na magodoro kichwani. Ukumbi nao ukajaa, lakini wengine: watu wa Himbi, mtaa wa wenye pesa, na masanduku yao, wakipiga simu, wakigombana foleni. Niliwapima hadi mkono ukaniuma kwa kuandika. Saa nne mkubwa wangu akanivuta pembeni.

"Ndege ya mwisho inaenda Kisangani," alisema. "Iko nafasi moja. Panda mizani."

Nikapanda mizani yangu mwenyewe. Akasoma, akaandika, akanipa karatasi.

Nilikimbia kumtafuta baba. Nilimkuta kando ya pisti, anatazama kaskazini.

"Papa, wewe je?"

"Mimi niko na kazi," alisema. "Enda, mutoto yangu. Usirudie nyuma. Enda."

Nilikaa dirishani, begi langu likiwa nyuma pamoja na mizigo mingine. Ndege ikatembea hadi karibu na makoro, ikageuka, injini zikaanza kunguruma kwa nguvu. Halafu zikashuka sauti. Rubani akatukana kwa Kifaransa. Nikabandika uso kwenye kioo.

Ng'ombe walikuwa wanaingia kwenye pisti. Walikuja mmoja mmoja kupitia pale ukuta ulipobomoka, ng'ombe wa pembe ndefu, wembamba, miguu imechanwa na mawe hadi inatoka damu. Nyuma yao alikuja mama mmoja, kitenge kimefungwa kiunoni, fimbo mabegani. Baba alikuwa anamkimbilia, anapunga mikono. Na kutoka upande wa pili walikuja askari watatu, na bunduki zao hazikuwa begani tena.

Msaidizi wa rubani akafungua mlango aangalie. Nilisikia askari wakipiga kelele kwa Kilingala, na baba akipiga kelele kwa Kiswahili, halafu kwa Kihunde. Yule mama alisimama katikati ya ng'ombe wake akiwatazama wote, na nikaona kwamba hakuelewa hata neno. Askari mmoja akamlenga ng'ombe wa mbele.

Sikumbuki kufungua mkanda wa kiti. Nakumbuka lami chini ya viatu, na upepo wa propela ukinipiga usoni. Nilisimama kati ya askari na yule ng'ombe, nikasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote:

"Mama, watawaua. Watoe kwenye lami, sasa hivi. Njoo huku, kwenye majani."

Uso wake ukabadilika. "Nilidhani ni barabara," alisema. "Tangu Masisi nafuata barabara."

"Najua. Njoo."

Akaanza kuimba, sauti ndogo ya kooni, na ng'ombe wa mbele akageuza kichwa. Wengine wakamfuata. Baba akawa anawasukuma kwa nyuma. Askari akaniuliza, "Na wewe? Wewe ni wa wapi?" Bunduki sasa ilikuwa imegeukia upande wangu.

Baba akaja akasimama mbele yangu, anahema. "Huyu ni mutoto yangu," alisema. "Miaka yote mimi niko hapa kwa hii pisti. Bote bananijua. Uliza mukubwa yako."

Askari alimtazama, akanitazama, akatema mate, akashusha bunduki. Nyuma yetu injini zikaunguruma tena. Nilipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa. Ndege ilitupita, ikainuka, ikaelea juu ya nyumba za Birere na kwenda zake na begi langu.

Nilitegemea baba atanishukuru. Alinishika bega akanitikisa. "Nani alikuambia ushuke? Nani?" Halafu akakaa chini palepale kwenye majani, akafunika uso kwa kofia yake. Sikuwa nimewahi kumwona analia, hata siku ya kumzika mama.

Mji ukachukuliwa na waasi kesho yake. Kiwanja kilifungwa. Walinzi wapya wakakaa langoni, wakamwacha baba aingie, nami nyuma yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mifereji na mabomba yalipopita. Yule mama hakuwa na pa kwenda. Kambi zilijaa, na majani pekee ya karibu yalikuwa yale ya kando ya pisti. Kwa hiyo mtu aliyefukuza mbuzi maisha yake yote akaruhusu ng'ombe wanane walale mahali ndege zilipokuwa zinaegeshwa. Yule mama alitulipa kwa maziwa. Baba alimwambia maneno machache ya Kinyarwanda aliyobaki nayo tangu ndoa yake, akiyakosea, naye alimsahihisha bila kucheka.

Mimi sikutulia. Nilitembea ukumbini, nikafuta mizani ambayo haikupima kitu, nikaketi kwenye makochi ya heshima kisha nikainuka. Nilimchukia yule mama siku tatu nzima. Siku ya nne nilimsaidia kuosha miguu ya ng'ombe kwa maji ya chumvi, tukaongea. Mume wake aliuawa malishoni. Aliimba, alisema, kwa sababu mumewe ndiye aliyewazoesha wimbo ule.

Waasi walipotoka mjini na ikatangazwa kwamba ndege zitarudi, tulimsindikiza yule mama na ng'ombe wake hadi njia ya Sake. Halafu baba na mimi tukarudi kukwangua mavi kwenye lami kwa sepetu, siku nzima.

Mkubwa wangu alirudi kutoka Kisangani na begi langu, halijaguswa. Lakini wenzangu walikuwa wameshasikia habari ya Kinyarwanda changu. Mwenzangu wa mizani alihamisha kiti chake. Mkubwa akaniuliza, kwa upole wa kuogofya, kwa nini sikuwahi kuandika lugha hiyo kwenye fomu yangu. Nilimwambia hakuna aliyeniuliza. Mwezi haukuisha nikaandika barua ya kuacha kazi, nikakata nafasi kwenye boti ya Bukavu.

Baba alinifikisha bandarini, akanipa ndizi zilizofungwa katika karatasi.

"Ukifika, piga simu," alisema. "Na kula. Unasahau kula."

Hakusubiri boti ifunguliwe kamba. Alikuwa na kazi, na mbuzi walikuwa wamerudi.