Mwenye Pumzi Fupi Hutangulia

Saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi. Jua limekwisha kuvuka vilima vya mashariki vinavyoitazama Bujumbura, na wanafunzi sitini na watatu wa mwaka wa mwisho wamejipanga katika uwanja wa vumbi wa shule moja ya sekondari huko Mutanga Sud. Fulana zimechomekwa. Mistari imenyooka. Aliyelelewa na kengele ya bweni hahitaji kuelezwa maana ya mstari ulionyooka kabla ya kazi kuanza.

Mbele ya mistari hiyo hasimami kijana mwenye mbio kuliko wenzake. Anasimama Elvire, msichana mnene, mpole, ambaye huhema hata akipanda ngazi za darasani. Leo, kama kila Alhamisi, yeye ndiye anayeimbisha.

"Mlima ni wa nani?" anapaza sauti.

"Ni wetu!" darasa zima linaitikia, na mchakamchaka unaanza.

Kutoka nyuma sauti moja inachomoza. "Elvire, ongeza gia kidogo! Tutalala hapa!" Ni Jimmy, mwepesi kuliko wote na mwenye mdomo mwepesi zaidi.

"Jimmy, kama pumzi ya kusema iko, imba," mwalimu anamjibu bila kugeuza kichwa. Darasa linaangua kicheko. Jimmy anaimba.

Mwalimu huyo ni Sijaona Massoudi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Wanafunzi humwita Madamu Sijaona. Huvaa suruali ndefu ya michezo, ushungi ameukaza nyuma ya shingo, na kipyenga chake hukaa mfukoni hadi hatari itokee. Kwa miaka ishirini na miwili amefundisha elimu ya viungo katika shule hii, ambayo ina mipira mitatu, mmoja wake ukilegea kabla ya mapumziko.

Kanuni yake ni moja, na hailegezi. Hakuna anayekimbia bila kuimba. Wimbo ukififia, mwendo unapungua. Na mwenye pumzi fupi kuliko wote haachwi mkiani. Huwekwa mbele, hupewa wimbo, na wengine wote huifuata pumzi yake.

"Ukimuacha nyuma, anateseka peke yake na hakuna mutu anajua," anaeleza. "Ukimuweka mbele, we mwenyewe unamusikia. Na yeye anajisikia."

Kanuni hiyo hakuipata Chuo Kikuu, ingawa huko ndiko alikosomea kazi yake. Aliipata mtaani Buyenzi, katika karakana ya baba yake, marehemu Mzee Massoudi, fundi wa malori. Lori lililokataa kuwaka lilisukumwa na mafundi kwa wimbo, na kila mara Mzee Massoudi alimpa wimbo yule aliyekuwa dhaifu kuliko wenzake siku hiyo: mwenye homa, au mzee, au aliyekuwa hajala.

"Baba alikuwa anasema, mwenye nguvu akiimbisha, mwenye kuchoka ananyamaza na anaachia. Lori linarudi nyuma, linakanyaga mutu mguu," anakumbuka Sijaona. "Lakini yule wa kuchoka akiimbisha, akinyamaza yeye, wote wanajua: weka jiwe nyuma ya gurudumu, tupumuzike."

Elvire anakiri kwamba miaka miwili iliyopita alikuwa akijificha chooni kila Alhamisi. "Walikuwa wananiita tangi," anasema, akitabasamu kwa aibu. "Madamu alikuja mpaka kwenye mlango wa choo. Hakugombana. Alisema tu, 'Toka, mwanangu, tunakosa mutu wa kuimbisha.' Nikafikiri ananicheka."

Hakuwa akimcheka. Tangu siku hiyo Elvire hajakosa hata Alhamisi moja.

Lakini saa hii ya Alhamisi ilikuwa hatarini. Mwanzoni mwa muhula, kamati ya wazazi ilimwomba mkuu wa shule, Bwana Gélase, aiondoe elimu ya viungo katika ratiba ya mwaka wa mwisho na kuikabidhi saa hiyo kwa hesabu, kwa sababu mtihani wa serikali umekaribia. Bwana Gélase aliahidi kutoa uamuzi katika mkutano wa mwisho wa muhula, Jumamosi hii saa nne.

Aliyepeleka ombi hilo ni mwenyekiti wa kamati, Léonce, mtumishi wa wizara, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Ndiye baba yake Elvire.

Ni jambo la kusikitisha, na ni la kawaida mno: shule ikibanwa, kinachokatwa kwanza ni uwanja. Mwili wa mwanafunzi huhesabiwa kuwa gunia la kubebea kichwa. Kisha watu wazima hao hao, wakifika miaka hamsini, hutumwa na daktari kuutafuta mwili walioupuuza.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, ukweli huo unajipanga wenyewe kando ya barabara ya Nyakabiga. Ni kikundi cha mbio cha watu wazima: makarani, wafanyabiashara, wauguzi, mafundi wawili wa Buyenzi. Kiongozi wao ni Sijaona, ambaye ametembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake Musaga kwa zaidi ya saa moja, kwa kuwa mafuta yameadimika na basi halikuonekana. Na katika mstari wa pili, ndani ya suti mpya ya michezo, yumo Léonce.

"N'amahoro, Madamu?" Léonce anamsalimu kwa Kirundi.

"N'amahoro, Mzee. Leo tunapanda Kiriri. Utatuweza?"

"Mi? Uliza nyinyi kama mutaniweza!"

Wanaondoka wakiimba. Wanapita kando ya Chuo Kikuu, na barabara inaanza kuinuka. Kwenye kona ya kwanza Léonce anaimba kwa kifua. Kwenye kona ya pili anaitikia kwa neno moja moja. Ya tatu inamkuta midomo ikichezacheza bila sauti.

Sijaona hamtazami. Amekwisha kusikia. "Mzee Léonce, kuja mbele utuimbishe."

"Apana, niko sawa!"

"Sauti yako haijasema hivyo. Kuja."

Mtu wa tai hapendi kuitwa mbele kwa sababu ameshindwa. Léonce anasimama kidogo, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, kisha anakwenda. Wimbo wake unatoka mfupi, wenye mashimo, na watu arobaini wanaupokea kama ulivyo na kupanda kwa hatua ndogondogo. Hakuna anayeachwa. Wanapofika juu, ziwa Tanganyika limetandazwa chini yao na milima ya Kongo imejichora ng'ambo.

"Yampaye inka!" anashangaa Léonce, mikono magotini. "Sijafika hapa tangu Krismasi!"

Anaeleza kwa fahari kwamba daktari alimkuta na tansiyo, yaani shinikizo la damu, na kwamba tangu ajiunge na kikundi hiki analala usingizi mzito na hasira ofisini zimepungua. "Daktari aliniambia, kukaa siku nzima kunaua mutu."

Anapoulizwa kama kunamfaa mtoto wake, anajifuta jasho kwanza. "Yeye bado kijana. Na hesabu haimungoji mutu."

Kando yao, Irène, muuguzi na mwanakikundi wa siku nyingi, ambaye mtoto wake pia yumo katika darasa lile, anamvuta Sijaona mkono. "Mwambie sasa hivi habari ya saa yako! Hapa pumzi imemuisha, hawezi kubisha!"

"Apana, Mama Irène," anajibu Sijaona. "Mutu humuombi kitu wakati hana pumzi. Akisema ndiyo hapa, kule chini atasema nilimuibia."

Akapiga makofi, na kikundi kikaanza kuteremka.

Saa nne kamili mkutano ulifunguliwa katika darasa kubwa la shule. Léonce, sasa akiwa na tai, alisoma ombi la kamati kwa sauti thabiti. Wazazi wengi walitikisa vichwa kukubali. Sijaona alipopewa nafasi alisimama na kusema machache: kwamba mtoto aliyekaa tangu asubuhi hadi jioni husikia bila kushika, kwamba uwanjani hujifunza kupangilia pumzi, na pumzi ndiyo ya kwanza kumkimbia mtu katika chumba cha mtihani, na kwamba hana neno jingine. Akaketi. Hakutaja Kiriri.

Ndipo aliposimama mtu ambaye saa hiyo ingekuwa mali yake: Népomuscène, mwalimu wa hesabu, mtu mkavu asiyejulikana kwa kupendelea michezo.

"Saa hiyo siitaki," alisema.

Wazazi wakageuka kumtazama.

"Alhamisi ninaingia darasani baada ya Madamu. Wanakuja na jasho, ndiyo, na harufu, tuseme ukweli." Wazazi wakacheka. "Lakini wanakuja macho wazi. Siku zingine saa ya pili nusu ya darasa inasinzia. Mkinipa saa yake, mtanipa saa mbili za watu wa kusinzia."

"Na alama?" aliuliza Léonce. "Zimepanda?"

"Sitadanganya, Mzee. Bado ni za wastani, hata za Elvire wako. Lakini zamani Elvire alikuwa hanyanyui mkono. Sasa anauliza swali mbele ya wote, akikosa anauliza tena. Mtu mwenye kuimbisha darasa zima haogopi ubao."

Léonce aliteremsha karatasi yake. "Elvire? Anaimbisha?"

"Kila Alhamisi, Mzee. Yeye ndiye mbele."

"Kama baba yake leo asubuhi!" Irène alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko.

Léonce alicheka mwisho, na kidogo. Kisha akasimama tena, bila karatasi. "Mi ndiye nilileta ombi hili, kwa hiyo ni mi wa kusema," alisema. "Leo nimepanda mulima kwa sababu walinipa wimbo. Wangeniacha nyuma, ningerudi nyumbani. Sikujua kama mutoto wangu anapanda vilevile. Kwa upande wangu, ombi ninalirudisha."

Si wote waliokubali. Baba mmoja alitoka akinung'unika kwamba wimbo hauandikwi kwenye mtihani. Bwana Gélase, mtu wa mizani, aliamua hivi: saa ya elimu ya viungo itabaki mwaka huu, kwa sharti kwamba kengele ya saa ya pili ikilia, kila mwanafunzi awe amenawa na ameketi. Mwakani suala litajadiliwa upya.

Sijaona aliipokea hukumu hiyo bila shangwe. "Mwaka mmoja si kidogo," anasema, akifungia mipira mitatu katika kabati la chuma. "Na sharti la direkta ni zuri. Mi mwenyewe sipendi mutoto wa kuchelewa."

Hamlaumu Léonce. "Mutu mwenye mutoto wa mtihani ana haraka. Haraka si ubaya. Ni kwamba inatazama mbele tu, haigeuki kutazama nani amebaki."

Mpango wake umekwisha kuwekwa, na Irène ndiye aliyekwenda kuwapasha wanakikundi. Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani wa serikali, wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wazazi wao watapanda Kiriri pamoja, katika mstari mmoja. Jimmy ameshaanza kujitapa kwamba atawaacha wazee kwenye kona ya kwanza. Léonce anaapa kwamba safari hii hataitwa mbele. Elvire, akiulizwa kati yake na baba yake nani ataimbisha, anacheka na kumtazama mwalimu wake.

Sijaona anafunga kabati, anautia ufunguo mfukoni kando ya kipyenga, na kuanza safari yake ya miguu kuelekea Musaga.

"Mi sichagui," anasema. "Nitasikiliza tu."