Kofia Iliyotundikwa kwenye Hendeli

Mwanangu, iko siku moja ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, bado tunatawaliwa na Mwingereza, na ile vita kubwa ilikuwa imekwisha karibuni tu. Nilijifunza ufundi wa magari pale Cheyo, mtaa wa Tabora, kwa Fundi Salum, mzee wa mjini, mpole wa maneno, ambaye masikio yake yalikwisha kuchoshwa na kelele za injini.

Fundi alikuwa amenunua lori bovu lililotelekezwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji. Tulilikokota kwa ng'ombe mpaka Tabora, na kwa miezi tukawa tunalifufua. Aliniahidi kwamba likipona, dereva ni mimi. Taabu ilikuwa nafasi. Tulikuwa na banda moja tu la udongo nyuma ya nyumba yake, lililojengwa kuwekea mpunga, na lori liliingia humo kwa kusukumwa kinyumenyume, uso wake ukitazama mlangoni. Kuta zilibana hata milango ya lori haikufunguka. Ukitaka kufika kwenye usukani, sharti upande juu ya boneti uingilie dirisha la mbele. Ukitaka kujua kama chini yuko mtu, ulale kifudifudi mavumbini uchungulie.

Kwa hiyo Fundi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuingia chini alivua kofia yake ya darizi, akaitundika kwenye hendeli, kile chuma cha mbele cha kuzungushia injini. Kofia ikiwa pale, hakuna ruhusa ya kugusa lori. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, wala hakurudia.

Sasa nilikuwa nimepeleka posa kijijini Itetemia kwa Mzee Petro, mkulima Mkristo mwenye msimamo. Akatuma salamu kwamba atapita mjini kuitazama hiyo kazi itakayomlisha binti yake. Asubuhi hiyo nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi, nikaenda kumpokea njiani. Injini ilikuwa imekubali kuwaka jana yake, na mimi nilitaka aisikie ikinguruma. Huo ndio ujinga wa ujana, mwanangu, kutaka kusifiwa kabla kazi haijaisha.

Tulipofika, kofia ilikuwa kwenye hendeli. Niliita mara moja, "Fundi." Kimya. Nikajiambia kwamba ameingia ndani kunawa na ameisahau. Uongo mtupu, maana nilijua fika kwamba mzee yule hatembei kichwa wazi. Lakini kulala mavumbini na shati lile, mbele ya baba mkwe mtarajiwa, sikutaka. Mzee Petro alikuwa amegeuka kuamkiana na jirani. Nikaichukua kofia kwa adabu zote, nikaiweka juu ya gogo, nikashika hendeli.

Breki ya mkono ilikuwa imefunguliwa vipande vipande, na Fundi alikuwa ameliacha lori kwenye gia ili lisiserereke. Hilo sikulitazama pia. Injini ilishika mara ya pili, lori likaruka mbele, nikajitupa pembeni. Likazimika palepale. Chini ikatoka sauti ya mtu aliyeumia, mara moja tu, kisha hatukusikia kitu.

Mimi nilisimama nimeganda. Aliyejilaza mavumbini na koti lake la kanisani ni Mzee Petro. Alimvuta Fundi polepole mpaka nje. Mkono wa kushoto ulikuwa umechunika kutoka kiwiko hadi kiganjani, na shati lake lilikuwa limechanika begani pale gurudumu lilipolikanyaga, shubiri moja kutoka kichwani. Fundi akaketi, akavuta pumzi, akaitazama hendeli.

"Nani kaitoa kofia yangu?"

Nikisema, nimepoteza kazi na mke kwa neno moja. Mzee Petro, ambaye hakuona kitu, akasema huenda ni upepo. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwamba huenda.

Fundi alifungwa mkono kwa kitambaa. Kisha akaichukua kofia juu ya gogo, akaikung'uta, akaitundika tena. "Zimebaki boliti mbili za breki," akaniambia. "Mkono wangu haufai. Ingia wewe."

Nikaingia. Kule chini ni giza na harufu ya oili, na gurudumu liko ubavuni mwako. Nilichokiona ni miguu tu. Viatu vya Mzee Petro vilikuwa mbali kidogo. Makubazi ya Fundi yalikuja taratibu mpaka mbele ya lori, yakasimama. Nikasikia hendeli ikilia, chuma kwa chuma. Spana ilinitoka mkononi. Niliogopa kifo waziwazi, nikajua kwamba ndivyo nilivyomfanyia yeye.

"Fundi, ni mimi. Niliitoa kofia, na nilijua uko chini."

Kisha yule mzee, na jeraha lake, akapiga magoti, uso wake ukatokea kwenye mwanga. "Kofia niliikuta imewekwa vizuri juu ya gogo, upepo gani huo? Nilikuwa naisogeza kofia ionekane vizuri. Kaza boliti zako, mwanangu. Nimekaa hapa, hakuna atakayegusa."

Nililia kulekule chini nikikaza boliti. Mzee Petro, aliyekuwa amesikia yote, aliiweka posa yangu mwaka mzima bila jibu, akisema anataka kwanza anifahamu, nami sikumlaumu.

Basi, mwanangu, nakuachia hili. Uhai wa mtu ukiwa mikononi mwako, usikisie. Lala chini umwone kwa macho yako, hata kama wakubwa wanakungoja. Na ukikosa, sema mapema, wakati hakuna kinachokutisha. Mimi nilisema kwa hofu, na kwa miaka yote hii bado naona haya kwamba haikuwa kwa uungwana. Mungu akukinge na aibu hiyo, akupe mkubwa wa kukukanya bila kukuvunja, na akulinde wewe na wote watakaokuamini.