Kiti cha Shangazi Kwenye Kampeni

Nimetoka kwenye kampeni hapa Mogitu, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Tulikuwa mbele ya ghala la zamani la shamba la ngano la serikali. Shangazi yangu akasimama.

"Mheshimiwa, mtu aliyeniibia ng'ombe ameachiwa kwa parole kabla ya kumaliza kifungo. Wewe ulikuwa kwenye bodi ya parole. Kwa nini mlimtoa?"

Mgombea akatabasamu. "Mama, huyo mtu hata simjui." Akaagiza vijana wake wamletee kiti.

Jamani, aliyeleta kiti ni yule mwizi mwenyewe, kavaa fulana ya kampeni.

Tena ana adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Ungekuwa wewe mgombea, ungejificha wapi?

Shangazi akakaa, akalitengeneza shuka lake taratibu.

"Nimekaa, mheshimiwa. Sina haraka. Jibu."